Jibu: Tazama ncha ya jani

Mkuu, umeuliza utatofautishaje Polytrichum juniperinum na Polytrichum (kwa kifupi P.) piliferum, maana zote ni mosi (mimea midogo isiyo na maua, kwa Kiingereza moss) zenye majani yaliyojipanga kama vinyota vya kijani. Achana na rangi ya mmea, inadanganya. Chukua lenzi ya mkononi, mara 10 inatosha, utazame ncha ya jani. Piliferum ina unywele mweupe, kiasi kwamba shada zima linaonekana kama limeota mvi. Juniperinum ina ncha fupi ya wekundu wa kahawia. Zikiwa kavu majani hujibana kwenye shina, zinyunyizie maji kwanza.

Ukiona ukingo wa jani una meno na haujakunjwa ndani, hiyo si yoyote kati ya hizo. Huenda ni P. commune au P. formosum. Hapo, bila hadubini, mimi sibishani na mtu.