Yule ndege wa shungi refu wa Malaysia: si kunguru, na hafukuzwi

Mkuu, umeuliza mambo mawili: yule ndege mwenye shungi wa misitu ya Malaysia (kwa Kiingereza crested jay) ni kunguru au siyo, na mtu akifika huko amtafute vipi. Nilisoma Kuala Lumpur, na Taman Negara, hifadhi ya taifa ya msitu huko Malaysia, nimeingia mara tatu kwa ajili yake tu.

Huanzi kumwona, unaanza kumsikia. Ni kama kayamba lililotikiswa ghafla kwa nguvu, halafu kimya. Wamalei wanamwita burung menjerit, ndege apigaye mayowe. Safari mbili za mwanzo niliikimbilia ile sauti, nikawa natoka na ruba miguuni na ndege sijamwona. Ya tatu, mzee aliyekuwa akitutembeza akanishika bega, akaniashiria nikae chini. Tulikaa kama nusu saa. Akaja mwenyewe, akatua hatua kumi hivi kutoka tulipo, akawa anatuchungulia. Mweusi wa kijivu, baka jeupe ubavuni mwa shingo kama mtu kapaka chokaa kwa kidole gumba, na lile shungi wima, refu kuliko kichwa chenyewe. Akalia mara mbili, akaondoka. Mikono ilinitetemeka, picha hata moja sikupiga.

Kuhusu ukoo: zamani walimweka pamoja na jei, wale ndugu wa kunguru wenye rangi. Vinasaba vilipopimwa akatolewa huko. Sasa anawekwa kwenye familia yake peke yake, Platylophidae, jirani na kunguru na mbwigu (shrike kwa Kiingereza). Cuvier, mwanasayansi Mfaransa wa wanyama, alimpa jina la kisayansi mwanzoni mwa karne ya 19, lakini mpaka leo viota vyake vilivyowahi kuelezwa ni vichache mno.

Linaloniuma ni hili. Indonesia wafugaji wanamwita cililin. Anafungiwa kwenye tundu ili ndege wengine wa mashindano ya kuimba wamsikilize na kuiga ile kayamba yake. Na makazi yake ni misitu ya nyanda za chini, ndiyo hiyo inayofyekwa kupandwa michikichi.

Ukienda, fikia Kuala Tahan, kijiji cha kuingilia Taman Negara, ingia msituni alfajiri, vaa soksi ndefu za kuzuia ruba. Ukisikia kayamba, keti hapohapo. Tafadhali usimwite kwa sauti ya kurekodi kwenye simu, unamsumbua bure kwenye eneo lake.