Ukiwa na tumbo joto, soma pale Hanuman alipokwama

Watu wakisikia nasoma Ramayana na Mahabharata, tenzi mbili za kale za Wahindu, hudhani nimebadili dini. Wapi! Nilizipata kwa bibi mmoja wa Kigujarati, jirani yetu, ambaye mtaa mzima tulimwita Ba kama wajukuu zake. Kwao Jumamosi jioni walikuwa wakiimba Sundarakanda, kitabu cha tano cha Ramayana. Mama yangu alipolazwa, Ba alinisimulia kisa chake barazani, na mpaka leo roho ikiwa juu narudia hicho hicho.

Hanuman, nyani mwana wa upepo, amevuka bahari kumtafuta Sita, mke wa Rama, aliyetekwa na Ravana, mfalme wa Lanka. Usiku anapekua jumba la mfalme chumba kwa chumba. Anamkuta mwanamke mzuri amelala. Ndiye! Anarukaruka, anaubusu hadi mkia wake. Kumbe ni Mandodari, mke wa Ravana. Anajiuliza: Sita, mbali na mumewe, angelalaje usingizi mnono kwa adui? Anaendelea kupekua, hola. Hapo anavunjika moyo na kuanza kupanga misiba: nikirudi mikono mitupu Rama atakufa, ndugu zake watamfuata, mama zao nao wasipone. Bora nife huku huku.

Nani hajawahi kupanga misiba namna hiyo saa nane za usiku? Hanuman anajikatiza mwenyewe: aliye hai bado anaweza kukutana na heri. Anatupa macho, anaiona bustani ya miti ya ashoka ambayo hajaigusa. Sita yumo humo.

Ndiyo maana nakwambia, hofu ikikubana usijitese kutafuta ushujaa kwanza. Tafuta ulipokuwa hujapekua. Kwangu palikuwa swali moja nililoogopa kumuuliza daktari. Nilimuuliza. Jibu halikuwa zuri, ila usiku ule nilipata usingizi.

Arjuna, shujaa wa Mahabharata, naye alikwama, tena mbele ya majeshi mawili. Kabla ya vita vya siku 18 pale Kurukshetra kinywa kilimkauka, mwili ukatetemeka, upinde ukamponyoka, akaketi garini. Krishna, mungu aliyemwendeshea farasi, alimkemea kidogo kisha akakaa naye kwa maneno. Ndiyo Bhagavad Gita, beti 700. Mimi hushika rai moja ya sura ya pili: kutenda ni juu yako, matunda hayako mikononi mwako. Nikienda kwenye usaili huingia nayo.

Usianze na Mahabharata nzima, beti zake zinakaribia 100,000, utachoka njiani. Chukua kipande, kisome kwa sauti, polepole. Na si kila kipande kinatuliza. Sita akishaokolewa, anaingia motoni ili kuthibitisha usafi wake mbele ya mumewe. Pale hugombana na Rama mpaka leo, na huko India kwenyewe wapo wengi wanaogombana naye.