Sista, huu uyoga kweli hutibu sonona?

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Kisumu. Wiki hizi wengi mmeniuliza kuhusu dawa za saikedeliki, zile ambazo kwa saa kadhaa hubadilisha namna mtu anavyoona, anavyosikia na anavyojihisi. Nayajibu maswali matano.

Sista, rafiki yangu ameagiza chokoleti ya uyoga kwa simu. Anasema Wazungu wanatibia sonona nayo, ukila mara moja umepona. Ni kweli? – Mwanafunzi, Njoro

Kuna ukweli ndani yake, na ndiyo sababu nina wasiwasi. Kemikali iliyomo katika uyoga huo inaitwa psilosaibini, nayo ni mojawapo ya saikedeliki. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti wa watu 233 wa Ulaya na Amerika Kaskazini ambao sonona yao ilikuwa imeshinda dawa za kawaida. Katika waliomeza miligramu 25 mara moja, 29 hivi kwa kila 100 walikuwa karibu hawana dalili baada ya wiki tatu. Katika waliomeza miligramu 1 tu, walikuwa 8 hivi. Kwa watu waliokwisha kukata tamaa hilo si jambo dogo, nami nalifurahia. Lakini zaidi ya 70 katika kila 100 hawakufika hapo, na kufikia wiki ya 12 wengine waliopata nafuu walikuwa wameanza kurudi nyuma.

Angalia pia walivyoipata. Walichunguzwa kwanza, na wenye historia ya baipola (ugonjwa wa kupanda na kushuka mno kwa hisia) au skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kuona au kusikia yasiyokuwepo) wakaondolewa. Kabla ya siku yenyewe walikutana na mtaalamu wakazoeana. Siku hiyo mgonjwa alilala, macho yamefunikwa kitambaa, muziki wa taratibu unapigwa, na mtaalamu yuko kando yake kwa saa sita mpaka nane. Kesho yake wakaketi kuzungumzia yaliyomjia. Rafiki yako atakuwa hosteli, hajui chokoleti ile ina nini wala kiasi gani. Hofu ikimpanda, hawezi kuitapika iishe, lazima asubiri. Tena psilosaibini imo katika sheria ya dawa za kulevya ya 1994, kwa hiyo polisi hawataulizia sonona yake.

Kama ameshaila, usimwache peke yake. Mpeleke mahali patulivu, asiguse pombe wala pikipiki. Akianza kutetemeka mwili mzima au kutaka kujidhuru, hospitali, na mwambieni daktari ukweli wote.

Kaka yangu ana baipola, anameza lithiamu, dawa ya kuituliza. Anataka kujaribu. – Dada, Bungoma

Asiguse kabisa. Kwa mwenye baipola au skizofrenia, dawa hizi zinaweza kuamsha maruerue yasiyoondoka hata dawa ikishatoka mwilini. Zikikutana na lithiamu, watu wamewahi kuanguka kama wenye kifafa. Hata wewe, kwa kuwa ni ndugu yake wa damu, jihadhari.

Mwanangu, sisi huchuma uyoga kwenye vichuguu mvua ikinyesha. Utatuharibu akili? – Mama, Vihiga

La, mama. Uyoga wa kichuguu mliolelewa nao ni chakula. Ninaloogopa ni vijana wanaoenda kutafuta "ule mwingine" bila kuujua. Kuna uyoga unaoua ini. Mtu hula jioni akalala vizuri, kutapika na kuhara vikaanza baada ya kupita muda wa saa sita au zaidi, kisha akaonekana amepona huku ini likiendelea kuharibika. Mtu wa namna hiyo akisema nimepona, msimwamini. Mpelekeni hospitali pamoja na mabaki ya uyoga wenyewe.

Niliposhonwa mguu nilidungwa ketamini, nikajiona naelea juu ya kitanda. Sasa nasikia inatibu sonona. – Mwendesha boda, Kondele

Kuelea huko ndiko kazi yake, kaka, hukuchanganyikiwa. Ketamini ni dawa ya usingizi inayotegemewa sana, hasa hospitali zisizo na mashine nyingi, kwa sababu kwa kawaida haizimi pumzi. Na ni kweli kuhusu sonona: Machi 2019 Marekani iliidhinisha ndugu yake, esketamini, inayopulizwa puani. Hutolewa kliniki, mgonjwa akaangaliwa kwa muda wa saa mbili au zaidi, na haendeshi chombo mpaka kesho yake. Anayeitumia mtaani mara kwa mara anaweza kuharibu kibofu hata akakojoa damu.

Nameza fluoxetine, dawa ya sonona, wiki ya pili, sioni tofauti. Niiache nitafute uyoga? Usiku mwingine natamani nisiamke. – Mama, Bondeni, Nakuru

Dada yangu, naanza na hilo la mwisho. Leo hii mwambie mtu mmoja unayemwamini maneno hayo hayo uliyoniandikia, na vidonge akuwekee yeye. Kisha nenda hospitali ya rufaa ya Nakuru, usingoje tarehe ya kliniki. Usiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa kinakiuka Katiba.

Wiki mbili ni mapema. Dawa hii huchukua wiki nne, hata sita, na kuiacha ghafla kunaweza kukurudisha nyuma. Omba pia tiba ya mazungumzo. Hapa Kisumu imefanyiwa utafiti mkubwa pamoja na hiyo hiyo fluoxetine, ikiongozwa na watu waliofunzwa ambao si madaktari wa akili. Ukienda, beba paketi ya dawa, uwaambie pia kuhusu usiku ule unaotamani usiamke.