Hofu Imo Kwenye Kimya

Mhariri, wiki hii mmeuliza: riwaya ya kutisha ya kisayansi ikisomwa kwa sauti na kurekodiwa, mbona mara nyingi msikilizaji hatishiki? Nasema ni kwa sababu msimulizi huanza kutisha mapema mno. Ananguruma tangu ukurasa wa kwanza, na jitu likitokea hana tena sauti ya akiba.

Chukueni Frankenstein ya Mary Shelley, iliyotoka London mwaka 1818. Wasimulizi ni watatu, mmoja ndani ya mwenzake: Walton, mpelelezi wa bahari ya kaskazini, anamwandikia dada yake barua, Victor Frankenstein, mwanasayansi, anamsimulia Walton, na kiumbe aliyeundwa na Victor anamsimulia Victor. Wengi humpa kiumbe sauti ya mnyama. Ni kosa kubwa! Kitabuni anasema kwa ufasaha, na ufasaha huo ndio unaotisha. Apewe sauti tulivu, chini kidogo ya ile ya Victor, basi.

Mnong'ono nao ni mtego. Ukiupandisha baadaye kwenye kompyuta, mvumo wa chumba unapanda nao. Shusha sauti lakini koo liendelee kutetema, na usogee kwenye maikrofoni kutoka shubiri moja hadi nusu. Iwe pembeni kidogo ya mdomo, maana p na t zetu za pumzi (ile p ya paa mnyama, si ya paa la nyumba) huipiga kama kofi.

Hapa Lamu kuta nene za matumbawe huzuia kelele za nje, ila chokaa yake hurudisha mwangwi. Tundika mablanketi mazito nyuma ya msimulizi kwanza, kwa kuwa huko ndiko maikrofoni inakoelekea. Zima pangaboi na friji. Rekodi baada ya isha, mitaa ikishatulia. Punda akilia, rudia sentensi nzima, kwani pumzi ya katikati haiungiki vizuri. Kwenye kipimo cha programu ya kurekodia, ambapo 0 ndiyo mwisho, kilele cha sauti kisipite desibeli -3, mvumo wa chumba ubaki chini ya -60.

Na kabla ya neno la kwanza, rekodi kimya cha chumba kwa nusu dakika. Hicho ndicho cha kuzibia pengo ukikata kikohozi. Ukiacha utupu mtupu, sikioni panakatika kama simu iliyozimika, na msikilizaji anakagua kifaa badala ya kuogopa. Kiumbe anapokaribia kufungua jicho lake la manjano, weka sekunde mbili za kimya hicho, kisha isome sentensi bila kupandisha sauti wala kuharakisha.