Nishushe Kwa Mwalimu

Mmeuliza wiki hii: ukiambiwa uipe jina barabara moja ya mji wako, ungempa nani, na kwa lipi alilolifanya? Mimi sitaki barabara. Nataka kichochoro kimoja cha Majengo, Mombasa, ambacho gari halipiti, nacho nampa mke wangu aliyefariki mwaka jana katika mwezi wa Shaabani.

Barabara kubwa zimeshagawanywa kitambo. Ile tuliyoijua kwa jina la Kilindini Road ikawa Moi Avenue. Iko ya Jomo Kenyatta, iko ya Nkrumah, ya Haile Selassie, ya Abdel Nasser, ya Tom Mboya. Kwa upande wa wanawake inanijia ya Mama Ngina, kule ufukweni, kisha nakwama. Sina ugomvi na wakubwa hao, lakini Haile Selassie hakumfundisha mtu wa Majengo kusoma.

Jina lake hamtalipata hapa. Sisi wazee wa huku hatutaji majina ya wake zetu mbele za watu. Utasikia mtu asema "mama watoto" au "watu wa nyumbani", yakaisha. Nitamwita alivyoitwa na mtaa mzima: Mwalimu.

Aliajiriwa mwaka 1985, mwaka ulioanza mfumo wa elimu wa 8-4-4, akapewa darasa la kwanza katika shule ya msingi ya serikali. Hakulitoka mpaka alipostaafu. Kila mwalimu mkuu mpya alitaka kumpandisha, naye hukataa. Wenziwe walikimbilia madarasa ya juu kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na ukitoka vizuri mwalimu hubebwa juu juu na wazazi. Wa darasa la kwanza hana matokeo ya kutangazwa redioni. Yeye husema, "Asipojua kusoma kwangu, huko juu wataenda kumfundisha nini?"

Januari 2003, serikali ya Kibaki ilipofuta karo za shule za msingi, darasa lake lilifurika. Walikuja na vijana waliokwisha kuota ndevu za kwanza, waliozoea kusukuma mikokoteni ya maji, wakaketi sakafuni pamoja na watoto wa miaka sita. Vitabu havikutosha. Mwalimu akafungua kabati letu la nguo, akatoa leso zake, hizo ambazo wengine huziita kanga.

Siku moja alisahau miwani nyumbani, nikampelekea. Nilisimama dirishani nikamtazama. Alikuwa amefunga kamba toka ukuta huu hadi ule, ameanika leso nyekundu kwa vibanio, na lile jina la leso, yale maneno yake, liko juu kwa herufi kubwa: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Kijana mmoja mrefu, mwenye aibu ya kuwa mrefu, ameitwa mbele atafute A zote. Akazigusa kwa kidole, moja moja. "Tano." Mwalimu akasema, "Hesabu tena." Tano. Darasa likaanza kucheka, akaligeukia likanyamaza. Kisha akaikamata leso kwa pembe akainyosha, maana ilikuwa imejikunja pale kwenye TAMAA, na A moja imejificha ndani ya mkunjo. "Ndoo, tazama sasa." Kijana akatazama. "Sita!" Alipiga ukelele huo mpaka darasa la jirani likasikia. Baada ya hapo wakaenda silabi kwa silabi, ja-po, si-pa-ti, na mimi na miwani yake mkononi nimesahau kilichonileta.

Jambo hilo lilizua taabu ambayo hakuna aliyeitarajia. Mnajua leso nyingine hununuliwa Biashara Street kwa kumlenga mtu: jirani, wifi, mke mwenza. Akina mama walikuwa wakijifunga mafumbo yao kwa raha, watoto hawaelewi. Sasa mtoto wa darasa la kwanza asimama uani asoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kile mamake alichomwekea Bi Fulani, na Bi Fulani yuko papo hapo achota maji. Wawili watatu walikuja nyumbani kulalamika. Mwalimu aliwakaribisha chai, akawaambia leso za maua nazo ziko.

Kijana wetu wa pili aliangukia darasa lake. Siku ya kwanza akainua mkono, "Mama!" Akajibiwa, "Mamako yuko nyumbani. Hapa yuko mwalimu." Mtoto hakusema kitu. Jioni tulipoketi kula akasema, "Mwalimu, nipe chumvi," na akaendelea hivyo hivyo wiki nzima, mpaka mamake ndiye aliyeomba suluhu.

Nisimfanye malaika kwa kuwa amekufa. Alikuwa mwepesi wa kununa. Pilau yake ilikuwa ya kawaida tu. Mahamri ndiyo aliyoyaweza, nayo aliyapika huku akisahihisha, madaftari yamepangwa kando ya jiko, kalamu nyekundu sikioni. Wazazi walilijua daftari lililopita jikoni kwetu kwa doa la mafuta na harufu ya iliki. Walimu walipogoma mwaka 1997 alikaa nyumbani pamoja na wenziwe wala hakuona haya; alisema mwalimu mwenye njaa hafundishi, anapoteza wakati wa watoto. Na bakora alikuwa nayo, nisifiche. Ilipopigwa marufuku shuleni mwaka 2001 wengi walinung'unika kwamba watoto wataharibika. Yeye aliileta nyumbani, tukawa tunaangushia maembe.

Ijumaa jioni tulikuwa na kawaida ya kwenda Lighthouse kupunga upepo na kula mihogo ya pilipili na ndimu. Haipiti siku asitokee mtu, "Mwalimu, hiyo nishalipa mimi." Alichukia. Alilipa kwa nguvu, hata mara moja akamtia muuzaji pesa mfukoni mwa shati. Mimi, karani mstaafu wa bandarini, hakuna aliyewahi kunilipia hata dafu, nikamwambia basi angalau akubali kwa niaba yangu. "Nikila mihogo yake," akasema, "kesho nitamkosoaje?" Huyo wa kukosolewa alikuwa baba wa watoto wanne.

Maradhi hayakuwa marefu, sitayaeleza. Tulimzika Kikowani baada ya Alasiri. Nililishika jeneza pale mlangoni petu, hatua chache, kisha vijana wakaanza kupokezana, huyu ampa bega huyu, na kila nilipojaribu kurudi nikaambiwa, "Pole mzee, pumzika." Makuli, wenye tuktuk, mmoja amevaa sare ya benki, mwengine ana unga wa mkate wa mofa mikononi. Nikafuata nyuma.

Sasa nirudi kwa swali lenu. Mombasa hii mahali hapapati jina kwa kikao. Hapo Kwa Hola, Kwa Shibu, kule Kwa Bulo, nani aliyekaa mezani akapitisha? Watu walisema, wakaendelea kusema. Mwezi uliopita nilipanda bodaboda pale Mwembe Tayari, nikaanza kumweleza kijana: nyuma ya msikiti, pita penye kinyozi, kata kulia. Akanikatiza: "Si useme Kwa Mwalimu, mzee."

Hakuwa mwanafunzi wake. Ni kijana wa Kilifi, hata mwaka hajamaliza mjini. Nikamuuliza ni mwalimu yupi huyo. Akasema hamjui, amesikia abiria wakisema hivyo, labda ni mzee fulani alikuwa na madrasa. Nikamwambia aende polepole. Tangu Mwembe Tayari hadi mlangoni nilimweleza habari za leso, naye alipozima pikipiki akauliza kijana yule mrefu aliishia wapi. Nikamwambia ana duka la vipuri, na jina la duka ameliandika ukutani mwenyewe, kwa mkono wake.

Basi hilo ndilo jibu langu, na jina lenyewe lishaingia mtaani. Kibao msituletee, chuma kikikaa nje huku wiki mbili kishauzwa kwa mizani. Kama kuna fedha za kibao, uzibuliwe mtaro wa hicho kichochoro kabla ya masika, maana Mwalimu aliuandikia barua tatu, zote kwa mwandiko wa darasa la kwanza ili asipatikane wa kusema hakuweza kuzisoma.