Ryzen 5 5600 au Core i5-12400?

Ndugu, umeuliza uchukue prosesa ipi kati ya hizi mbili kwa kompyuta ya mezani ya kuhariri video, bila kununua kadi ya michoro. Zote zilitoka mwaka 2022, zina viini 6 na hufikia kasi ya gigahezi 4.4, hivyo katika kazi za kawaida za ofisini hutaona tofauti ya maana. Hata hivyo, Ryzen hiyo haina kitengo cha michoro ndani yake, kwa hiyo bila kadi skrini haitaonyesha chochote, ilhali i5 inacho, nacho huharakisha kufungua na kubana video. Nakushauri uchukue i5, ila kagua boksi dukani: ikiandikwa 12400F, irudishe, kwani hiyo nayo haina kitengo hicho.