Kwa mnaoanza kugeuza viwanda vya zamani kuwa ofisi

Wadogo zangu mliotoka chuo juzi mkakabidhiwa godauni au kiwanda kilichofungwa ili mkigeuze ofisi, haya ni ya kwenu. Kazi za namna hii zimeongezeka. Mteja kapata jengo la zamani lenye kuta nene na paa la juu, kaona picha kwenye simu, anataka "kitu kama hiki". Na wewe usiku uleule unafungua kompyuta, unaanza kupanga meza. Subiri kwanza.

Kiwanda kilijengwa kwa ajili ya mzigo na mashine. Watu walikuwemo, lakini walikuwa wamesimama, wanatembea, wanavumilia joto na kelele kwa kuwa ndiyo kazi yenyewe. Mtu wa ofisi anakaa kwenye kiti kutwa, anaongea na simu, anakodolea macho skrini. Ndiyo maana uzito wa sakafu kwa kawaida hausumbui sana: ofisi huhesabiwa kilo 250 hadi 300 hivi kwa mita ya mraba, na sakafu iliyobeba mitambo ilitengenezwa ibebe zaidi ya hapo. (Mhandisi wa miundo mwite hata hivyo. Nondo ndani ya zege hula kutu bila kumwambia mtu.) Kinachosumbua ni joto, sauti na mwanga, na vyote vitatu havionekani kwenye ramani.

Tuanze na sauti, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa. Simama katikati ya ukumbi ukiwa mtupu, piga kofi moja, kisha nyamaza. Ukisikia mlio unazunguka na kukurudia, jua kwamba hapo hakuna kinachomeza sauti: ukutani tofali, chini zege, juu bati, pembeni vioo. Ingiza watu arobaini wenye simu humo uone. Dawa si kufunika paa lote kwa jipsamu, maana utakuwa umefuta kile mteja alichokipenda. Ning'iniza paneli za sufu nzito katikati ya kenchi, weka zulia kwenye njia za kupita, na vyumba vya mikutano vifunge hadi juu kabisa, si kuta za kuishia mita mbili. Kwenye mchanganuo wa gharama, paneli hizo ndizo za kwanza kukatwa. Nimeshaona mteja akiziondoa ili apate meza ya mapokezi ya mninga. Meza ilipendeza kweli, na nyuma yake kila mfanyakazi alikuwa amevaa vizibo vya masikio.

Joto nalo usilisome asubuhi. Nenda saa nane mchana, jua likiwa limekaa juu ya bati, ukae humo nusu saa bila kufanya lolote. Rudi tena siku ya mvua kubwa, usikie bati linavyosema na uone maji yanapenya wapi. Safari hizo mbili zitakuambia mengi kuliko vipimo vya futi kamba.

Kama kuna jengo moja la nje ninalowaomba mlichunguze kwa makini, ni kiwanda cha Van Nelle kule Rotterdam, Uholanzi. Kilijengwa kati ya 1925 na 1931 na wasanifu Johannes Brinkman na Leendert van der Vlugt, kwa ajili ya kusindika kahawa, chai na tumbaku. Sakafu zake za zege hazina boriti. Zinabebwa na nguzo zilizotanuka juu kama uyoga, kwa hiyo kuta za nje hazibebi chochote. Ni fremu nyembamba za chuma na vioo mtindo mmoja. Jengo lenyewe ni jembamba kwa makusudi, ili mwanga uingie kutoka pande zote mbili. Uzalishaji ulipokoma, mwanzoni mwa miaka ya 2000 likageuzwa kuwa ofisi na studio chini ya usimamizi wa msanifu Wessel de Jonge, na mwaka 2014 likaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Sasa tazameni de Jonge alivyotatua tatizo la vioo. Vioo vya tabaka moja kwenye nchi ya baridi havifai ofisi ya leo. Njia ya mkato ilikuwa kung'oa fremu zile na kuweka mpya nene zenye vioo viwili. Ukifanya hivyo wembamba wa ukuta umekufa, na huo wembamba ndio jengo lenyewe. Yeye akauacha ukuta wa zamani ubaki kazini dhidi ya mvua na upepo, akasimamisha ukuta wa pili wa vioo ndani yake, umerudi nyuma. Nafasi iliyobaki katikati ikawa njia ya kupita na kinga dhidi ya baridi na kelele. Aliyeketi ofisini bado anaona nje kupitia kuta zote mbili. Na siku moja wakiamua kubadilisha matumizi tena, ukuta wa ndani unafumuliwa na jengo linabaki kama lilivyokuwa.

Msiinakili hivyo hivyo huku kwetu. Sisi tunapigana na joto, na ukiacha nafasi kati ya kuta mbili za vioo bila hewa kupita, umejenga tanuri. Acha madirisha ya zamani yafunguke juu na chini ili hewa moto itoke yenyewe. Kinachonakiliwa ni kanuni: kipya kisimame kwa miguu yake, kisigongomelewe kwenye cha zamani, na mtu akiingia ajue kipi ni kipi.

Kuhusu mwanga, hesabu ya haraka ni hii: pima kutoka sakafuni hadi juu ya dirisha, zidisha mara mbili hadi mbili na nusu. Hapo ndipo mwanga wa maana unapoishia. Dirisha la mita tatu linakupa mita sita au saba. Meza ziwe ndani ya eneo hilo. Stoo, vyoo, chumba cha seva na mashine za kuchapia zikae gizani, hazitalalamika. Jengo likiwa pana kupita kiasi, itabidi ufungue juu au katikati. Kituo cha umeme cha Battersea, London, kilichozimwa mwaka 1983 na kufunguliwa upya mwaka 2022 kikiwa na maduka, nyumba na ofisi, kilikuwa na shida hiyo. Ukumbi wa matanuri ulikuwa pengo kubwa tupu, wakalazimika kuingiza ghorofa mpya za ofisi na kuacha uwazi katikati ili mwanga ushuke. Mimi binafsi naona pale ndani ni jengo jipya lililovaa koti la zamani, ila chumba cha kuendeshea mitambo, na saa zake na swichi zake, wamekitunza vizuri sana.

Ukutani sasa. Fundi atakuambia tofali za zamani zinasafishwa kwa kupiga mchanga kwa presha. Mkatalie. Tofali la kuchoma lina ngozi ngumu ya nje iliyopatikana kwenye tanuru. Ukiiondoa, ndani ni laini na linakunywa maji. Brashi, maji na uvumilivu vinatosha. Viungo vilivyotoka vizibwe kwa chokaa, si saruji tupu, hasa kwa majengo ya pwani yenye mawe ya matumbawe. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, unyevu ukikosa pa kutokea unatokea kwenye jiwe, na baada ya misimu michache ukuta unaanza kumwaga unga.

Mtindo wa kuacha mabomba na nyaya wazi mteja ataupenda akidhani ni nafuu. Si nafuu. Dari inaficha kazi mbovu, na ukiiondoa kila bomba linatakiwa linyooke na kila trei ya nyaya ipangwe kwa akili. Mwambie mapema. Mabomba ya bandia, yale yasiyopitisha kitu, msiweke kabisa.

Na ukikuta paa la mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi, yasiyo ya chuma, chukulia kwamba ni asbestosi, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake likivutwa huleta saratani, hadi maabara iseme vinginevyo. Asitoboe mtu, asikate mtu. Kuyaondoa ni kazi ya watu wenye kibali, na gharama yake iingie kwenye hesabu ya kwanza, isije kama habari mpya jengo likiwa limeshafunguliwa. Fungu la dharura nalo liwe nono kuliko la jengo jipya. Mkadiriaji akikuuliza la nini, mpe tochi, mfunulie mfereji mmoja wa mashine sakafuni, atazame mwenyewe kilichomo.